Kibuyu Nilichokipiga Vanishi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa majembe. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti cha kufundisha sanaa, sketi nimeipiga pasi mara mbili, nikaingia ofisi ya Mwalimu Mkuu wa shule moja ya upili nje kidogo ya Runyenjes. Alikuwa mzee mfupi wa miwani mizito, na ukimsikiliza ungesema ni mkulima wa kahawa anayefundisha akipata nafasi. Alisoma barua yangu, akaigeuza aone kama nyuma kuna jambo zaidi, halafu akauliza:

"Sanaa ndiyo ile ya kuchora-chora?"

"Ndiyo, Mwalimu. Na historia yake."

"Historia ya kuchora." Akavua miwani. "Mwanangu, wewe ni mtoto wa hapa hapa, sitakudanganya. Chumba chako kipo, lakini kwanza utatoa majembe."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya kilimo. Nilitoa majembe, nikatoa magunia ya mbolea, nikafagia mavi ya kuku, na kufikia saa sita mchana ile sketi haikuwa na habari tena ya pasi. Alasiri akaniletea kopo la rangi nyeupe niandike namba kwenye ndoo zote za bweni. Kesho yake nikaandika "Usikanyage Nyasi" mara nne. Hivyo ndivyo walimu wa sanaa tulivyoanza kazi siku hizo: kila kibao cha shule ni chako, na somo lenyewe ni la kujitetea.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoshika chaki sasa, kwa sababu kila tukikutana mnaniuliza somo hili liliishije katika shule zetu za mlimani wakati kila mzazi alitaka mtoto wake awe daktari. Liliponea chupuchupu, hilo ndilo jibu. Kila shule niliyofika, likitafutwa somo la kufuta, sanaa ilitajwa kwanza. Na mara moja, kule Kanyakine, nusura nilizike mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nitafika huko.

Niwaeleze kwanza kazi ilivyokuwa. Mtihani wetu wa kidato cha nne ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mikono: mwanafunzi anachora, anachonga, anafinyanga au anachapa kitambaa, na kazi yake inapelekwa kwa mtahini imefungwa kwa karatasi ya kaki. Ya pili ilikuwa historia ya sanaa, kuanzia michoro ya mapangoni, Misri, Ugiriki, Ulaya, na mwishoni kabisa, muda ukibaki, Afrika. Katika kusahihisha kazi za mikono kulikuwa na alama za wazo, alama za ufundi na alama za unadhifu. Unadhifu maana yake kazi iwe safi: kingo zimenyooka, gundi haijamwagika, hakuna alama za vidole, na kitu cha mbao au cha kibuyu kimepigwa msasa na vanishi hadi king'ae. Neno hilo likumbukeni, maana ndilo lililonitia aibu.

Kazi za mikono watoto walizipenda. Vifaa hatukuwa navyo, tulijitafutia. Makaa ya jikoni tuliyachonga vipande vyembamba yakawa penseli. Udongo mwekundu wa barabarani tuliuchuja kwa soksi kuukuu, tukauchanganya na kiini cha yai, tukapata rangi inayoshika karatasi na haibanduki. Kiazi tulikikata nusu, tukachonga umbo, tukachovya kwenye rangi na kukigonga kwenye kitambaa kama muhuri. Mpishi wa shule alinichukia kwa sababu ya viazi hivyo mpaka nilipohamishwa.

Historia ndiyo iliyotuua. Nilifundisha nilivyofundishwa: nasimama, nasoma daftari langu la chuo, wao wanaandika. Farao huyu, hekalu lile, nguzo za aina tatu. Kitabu kilikuwa kimoja darasa zima, na picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo kama stempu. Siku moja msichana wa kidato cha tatu aliinua mkono. Nikadhani anataka ruhusa ya kwenda msalani.

"Mwalimu, hawa watu wa Misri walikuwa wanacheka?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mimi nikamwambia anyamaze aandike. Nilikaa kazini zaidi ya miaka thelathini na sikuulizwa tena swali zuri kama lile, na jibu nililompa ndilo hilo. Mwisho wa mwaka watano waliacha somo, yeye akiwa wa kwanza. Inaniuma hadi leo.

Uhamisho ukaja, nikapelekwa Maua. Wameru walinitania tangu siku ya kwanza, eti Muembu amekuja kutufundisha rangi ilhali kwao hata ng'ombe ni wa rangi moja. Nikawazoea, wakanizoea. Kule kabla ya mapambazuko mji wote uko macho, miraa inafungwa kwa majani ya ndizi na pikapu zinakimbizana kwenda Nairobi. Wanafunzi wengi walifika darasani wakiwa wamekwisha kufanya kazi ya mtu mzima, macho mekundu, na ukiwasomea daftari la chuo walilala papo hapo.

Nilihangaika sana kuwafundisha nukta ya kutoweka. Hiyo ni ile nukta moja kwenye mchoro ambapo barabara inaonekana kuisha, na kila kitu kinazidi kuwa kidogo kadiri kinavyoikaribia. Nilichora reli ubaoni, kama nilivyochorewa chuoni. Hakuna mtoto pale aliyekuwa ameona reli. Nikachukia, nikafuta.

"Haya basi, chora pikapu. Imetoka hapa inaenda Nairobi. Mbele yake kuna nyingine, na mbele ya hiyo kuna nyingine."

Wee! Usingizi ulitoka madirishani. Walichora mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Wakaanza kusutana: "Hiyo yako imebeba hewa! Pikapu iliyojaa inalalia magurudumu ya nyuma." Walikuwa wakibishana kuhusu uzito katika mchoro, jambo ambalo chuoni lilitumalizia muhula mzima. Mkuu wa Idara alipita akatazama, akaniambia kwamba katika mtihani hawataulizwa pikapu. Nikamjibu kwamba wataulizwa umbali, na umbali wanao.

Hapo nikapata ujasiri wa kuigusa historia. Nikabuni kitu nilichokiita picha hai. Tunachagua picha moja ya zamani kwenye kitabu, na badala ya kuandika habari zake wanafunzi wanaijenga kwa miili yao: huyu apige magoti, yule ashike mkono wake hivi, dirisha moja lifungwe ili mwanga uingie upande mmoja tu. Wakishakaa, wasitikisike, na mmoja anazunguka akiwauliza wewe unaona nini hapo, shingo inakuuma wapi, kwa nini mchoraji amekuweka pembeni. Mtoto aliyepiga magoti dakika kumi hasahau picha hiyo.

Siku ya kwanza tulijenga picha ya maombolezo, maana makanisa ya Ulaya yamejaa picha za namna hiyo. Walileta mashuka na leso kutoka nyumbani. Kijana mmoja, Mutethia, alilazwa juu ya madawati mawili awe maiti. Alikuwa amechuma miraa tangu alfajiri, basi akafumba macho akalala usingizi wa kweli. Wenzake wakamzunguka wakilia, na walilia vizuri mno, kwa sababu Naibu wa Mwalimu Mkuu alisikia kutoka ofisini. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mlokole. Akafungua mlango, akaona shuka jeupe, akaona Mutethia.

"Yesu wangu!" Akapiga magoti pale pale mlangoni akaanza kumwombea marehemu. Sauti yake ikamwamsha Mutethia, akaketi wima na shuka lake. Naibu alirudi kinyumenyume akakanyaga ndoo ya maji.

Baadaye aliniita ofisini, suruali bado imelowa.

"Mwalimu, hiyo ni historia gani?"

"Ya sanaa, Naibu."

"Mimi niliomba kwa moyo wangu wote. Unajua vile moyo umenipiga?"

"Pole sana, Naibu. Nisamehe."

Nikaona kazi imekwisha. Kisha akainama mbele kidogo. "Na yule wa leso ya maua, aliyekuwa analia karibu na miguu. Huyo analia vizuri. Ni mtoto wa nani?"

Kuanzia wiki hiyo Naibu alikuja kila Alhamisi akakaa dawati la nyuma. Nilikaa Maua miaka mingi, na sikufuta somo wala halikufutwa.

Nilipohamishiwa Kanyakine nilijiona nimeiva. Nywele zimeanza kuwa nyeupe, nimewahi kuitwa kusahihisha mitihani, yaani nilikuwa mtahini, na mtahini akiingia chumba chochote macho yake hutafuta kasoro kwanza. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mama wa hesabu, sote tukimwita Madam. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja tu.

"Mwalimu, somo lako lina wanafunzi saba. Mwalimu wa kompyuta anahitaji chumba. Mwisho wa muhula wazazi wanakutana, na nitawauliza ukiwapo: tuendelee na sanaa au tuache? Watakachosema ndicho nitakachofanya."

"Nipe siku hiyo hiyo, Madam. Kabla hawajaulizwa, waingie darasani kwangu waone."

"Nimekupa."

Basi, wanafunzi saba na siku moja. Nikawaza sana nitawaonyesha nini wazazi hawa, wakulima wa chai na ndizi, walimu, wafanyabiashara wa sokoni. Nikikumbuka lile swali la Runyenjes nikaona nisiwaletee Misri. Nikawaambia wanafunzi kila mmoja alete kitu cha zamani kutoka kwao, kitu kilichotengenezwa kwa mkono, na aulize wazee habari zake. Tutafanya makumbusho ya siku moja. Watoto walichangamka kuliko nilivyotarajia. Mmoja alikuja na mzinga wa nyuki, mwingine na kigoda cha miguu mitatu, mwingine na pembe ya ugoro, na wote wakashindana nani ana kitu cha zamani zaidi.

Kendi alileta kibuyu. Alikuwa msichana mkimya wa kidato cha tatu, anaishi na nyanyake, shosho kama tunavyoita huku, na katika wote saba mkono wake ndio uliokuwa na kipaji. Kibuyu kilikuwa cha ucuru, uji wetu wa wimbi na mtama unaochachushwa. Kilikuwa cheusi kwa masizi, kinanuka moshi na uchachu, na ubavuni kilikuwa na ufa uliozibwa kwa ukanda wa ngozi, umeshonwa kwa mishono mikubwa, ya kupinda-pinda.

Ilikuwa Jumatatu, maonyesho ni Ijumaa. Nikakitazama kwa macho ya mtahini.

"Kendi, hiki ni kichafu mno."

"Shosho amesema nikirudishe kama kilivyo, Mwalimu."

"Kitarudi kizuri zaidi. Kwani shosho hataki kitu chake kipendeze mbele ya wageni?"

Mtoto wa shule atamjibu nini mwalimu? Tukachemsha maji, tukaosha kwa sabuni ndani na nje. Tukapiga msasa mpaka masizi yote yakatoka na rangi ya asali ikaonekana. Ule ukanda nikamwambia autoe, umeoza, atie uzi mpya wa nailoni wa bluu, mishono iwe sawasawa. Tukamalizia na vanishi mara mbili. Kiling'aa mpaka unaona uso wako, na moyoni nilikipa alama zote za unadhifu.

Jumatano shosho mwenyewe alipita shuleni akitoka sokoni. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisani, na kwenye mikutano ya wazazi watu walisubiri aseme yeye kwanza. Nilifurahi kumwona.

"Muga, Mwalimu," akanisalimu.

"Muga, shosho. Karibu, karibu uone."

Akazunguka meza polepole, mikono nyuma. Akakisifu kigoda. Akakipita kibuyu. Akarudi, akakipita tena.

"Changu kiko wapi?"

Kendi akaanza kulia. Nikanyoosha kidole. Shosho akakiinua, akakinusa mdomoni, akakiweka chini taratibu sana.

"Nani amekifanya hivi?"

"Ni mimi, shosho. Nilitaka kipendeze."

"Kilikukosea nini?"

Akaniambia kwa Kimeru, na mimi Muembu nilisikia kila neno. "Uji wangu unachachuka kwa sababu ya kibuyu, hauchachuki kwa sababu ya unga. Mama yangu ametengenezea humu, nami nimetengenezea humu, watoto wangu wote wamekunywa humu. Ni maji ya vuguvugu tu na moshi wa jiko. Sabuni haijawahi kukijua. Sasa kinanuka vanishi kama kiti cha fundi." Akapapasa ubavuni. "Na ukanda uko wapi?"

"Tuliutupa."

"Ukanda huo alishona baba yangu." Akachukua kikapu chake. "Ijumaa nitakuja mkutanoni, Mwalimu. Nitasimama."

Akaondoka. Nilimwambia Madam yote, sikuficha. Alisikiliza mpaka mwisho. "Huyu mama akisimama dhidi yako, somo limekwisha," akasema. "Kitoe mezani. Akiuliza, mwambie umekipeleka kwa fundi. Baada ya kura utajua la kumwambia."

Ulikuwa ushauri wa mtu anayenitakia mema, na nusura niufuate. Nilirudi darasani nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi nikakitazama kile kibuyu kinavyong'aa. Niliona aibu, jamani, aibu ya kutaka kujificha. Miaka yote hiyo nimewafundisha watoto historia ya vitu vilivyooshwa, vimewekwa kwenye picha ndogo bila mkono wa mtu, na mtoto akiniuliza kama walicheka namwambia anyamaze. Sasa nimeletewa kimoja ambacho mkono wa mtu bado ulikuwa juu yake, na nimeusugua ule mkono nikautoa.

Nikamwita Kendi. Tukaenda kwenye shimo la taka nyuma ya jikoni, mimi na sketi yangu na yeye na sare yake, tukachakura majivu na maganda ya viazi saa nzima. Tulipata kipande cha ukanda, urefu wa kidole, kimeungua ncha moja. Nikakifuta majivu, nikataka kukisafisha zaidi, mkono wenyewe ukasita. Nikakiacha hivyo hivyo.

Halafu nikachukua karatasi ya manila nikaandika maelezo, kama tulivyoandika kwa kila kitu mezani. Sikumwachia Kendi aandike.

Ijumaa wazazi walijaa. Watoto walisimama kila mmoja kando ya kitu chake wakaeleza, na wazazi wakaanza kuwakatiza, hapana, mzinga haukuchongwa hivyo, lete nikuonyeshe, na darasa likawa na kelele kama soko. Mzee mmoja alipiga magoti sakafuni kuonyesha kigoda kinavyokaliwa. Nilikuwa na furaha nusu na hofu nusu. Shosho aliingia mwisho. Kendi akasoma karatasi yangu kwa sauti:

"Kibuyu cha uji. Kilikuwa na masizi ya vizazi viwili na mshono wa ngozi. Vyote viliondolewa Jumatatu na mwalimu wa sanaa, kwa sabuni, msasa na vanishi, kwa sababu alidhani ni uchafu. Hakiwezi tena kuchachusha uji. Kipande hiki ndicho kilichobaki cha ukanda."

Madam alitazama dari. Shosho akaja mpaka mezani, akakiokota kile kipande cha ngozi, akakiweka kiganjani.

"Mwalimu huyu ameniharibia kitu," akasema. "Nilikuja kuwaambia hivyo. Lakini amekwisha kuwaambia mwenyewe, tena ameandika. Nimeishi miaka mingi na sijaona mkubwa akiandika kosa lake na kuliweka mezani."

Hakuketi. Aliendelea kukishika kile kipande. "Nilikuwa mtoto, kama huyu Kendi alivyokuwa akianza shule. Nilikiangusha, kikapasuka ubavu. Mama alinichapa. Jioni baba akaketi karibu na jiko akakishona, amejifunga blanketi lake kwa baridi. Akashona, akavuta, akafunga fundo. Aliposimama, kibuyu kikamfuata. Alikuwa amekishonea kwenye blanketi!"

Darasa zima likaangua kicheko, wazee kwa watoto. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Alicheka mpaka akakaa chini. Mama akacheka, mimi niliyechapwa nikacheka. Ikabidi afumue ashone upya, na ndiyo maana mishono ilipinda, alikuwa bado anacheka."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama ukutani nalia kama mtoto, maana nilikuwa nimeona ile mishono ya kupinda na nikaagiza inyooshwe.

Madam akauliza swali lake. Tuendelee na sanaa au tuache? Wote wakamtazama shosho.

"Kama ni somo la kung'arisha, lifungeni leo," akasema. "Kama ni la kuuliza nani alishona, liendelee."

Mikono ikapanda, sanaa iendelee. Mwalimu wa kompyuta alipewa stoo ya majembe ya pale shuleni, na mwaka uliofuata tulipungukiwa na viti. Kibuyu shosho hakukichukua. "Kikae hapa, na karatasi yake. Karatasi isitolewe."

Haikutolewa. Kila Januari kidato cha kwanza kipya kilisoma kosa langu kabla ya kusoma kitu kingine, na kila mwaka kuna mjuaji aliyeuliza, "Mwalimu, huyu mwalimu wa sanaa ni nani?" Nikamjibu ni mimi, keti tuanze. Walinipenda zaidi kwa hilo, na waliuliza maswali yao yote, hata ya kipumbavu, na mengi ya kipumbavu yalikuwa mazuri. Siku ya kuniaga nikistaafu, Mwalimu Mkuu mpya, kijana mwenye heshima zake, aliniambia sasa naweza kuitoa ile karatasi nikitaka. Nikamwambia aulize mwalimu wa sanaa. Mwalimu wa sanaa aliyechukua nafasi yangu alikuwa Kendi. Alitikisa kichwa tu, kukataa.

Shosho alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kabla hajafa alinitumia mbegu za kibuyu kupitia kwa Kendi, zimefungwa kwenye kitambaa, na ujumbe: "Apande, na akome kuosha." Nilizipanda hapa nyumbani Runyenjes. Vibuyu viwili vilioza, kimoja kikakauka vizuri, nikakitundika juu ya jiko. Uji wa kwanza ulikataa kabisa. Wa pili ulikuwa na ladha ya majani. Nikavumilia, maji ya vuguvugu na moshi, na sasa kimeanza kuwa cheusi na uji unachachuka wenyewe. Kazi ya mikono mliyoizoea ninyi inaisha siku ya mtihani. Hii yangu bado sijaimaliza, na sina mtahini.

Wiki iliyopita kilinidondoka kikapasuka ubavu. Sikumwita mtu. Nilitafuta ukanda wa ngozi, nikaketi karibu na jiko na leso yangu mabegani, nikashona taratibu kwa mikono hii inayotetemeka, nikavuta, nikafunga fundo. Niliposimama, kibuyu kikanifuata. Nilicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua akiuliza kuna nini.

Yule msichana wa Runyenjes sijui aliko. Kama unasoma hapa, mwanangu, nisamehe kwa kukucheleweshea jibu. Ndiyo, walikuwa wanacheka.